Gawio la Hisa: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kununua

Gawio ni sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wanahisa wake. Tofauti na riba ya hatifungani, gawio halina ahadi: Bodi ya Wakurugenzi hulipendekeza na mkutano mkuu wa mwaka huliidhinisha.

Anayekusudia kununua hisa za Twiga Cement, mzalishaji wa saruji wa Wazo Hill aliyeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2006, hana budi kulinganisha mauzo, faida, madeni na gawio katika taarifa za fedha zilizokaguliwa za miaka kadhaa. Gawio linalozidi faida hula akiba, hivyo haliwezi kudumu.

Aidha, azingatie tarehe ya kufungwa kwa daftari la wanahisa; atakayeandikishwa baadaye hatapata gawio hilo.