Vyombo na Mabaharia katika Picha za Kale za Pwani ya Muheza

Mtu akitajiwa Muheza hufikiria machungwa, mkonge na vilele vya Usambara. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Muheza mwaka 1896, na tangu hapo jina hilo limehesabiwa kuwa la bara. Lakini Muheza ina bahari yake. Kigombe, iliyo njiani kati ya Tanga na Pangani, ni Muheza. Na kabla Wilaya ya Mkinga haijatengwa katika miaka ya 2000, mwambao wa kaskazini hadi Moa na mpaka wa Kenya nao ulikuwa Muheza. Watu wa pwani hiyo ni watu wa ngalawa. Huvulia, husafiria, na siku za furaha hushindana kwazo. Picha za vyombo vyao zipo nyingi, zimehifadhiwa mbali na karibu. Waliomo ndani ya vyombo hivyo ndio wasiotajwa.

Zimehifadhiwa wapi? Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefika nchini mwaka 1903 na kufungua studio Dar es Salaam, aliacha mamia ya picha ambazo sasa zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani. Nyingine za zama hizo hizo zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Mjini Tanga kwenyewe, Makumbusho ya Urithi yaliyomo katika Boma la kale yanaonyesha picha za mji na bandari. Ukizitazama zote kwa pamoja utaona jambo moja: maelezo ya chini ni maneno mawili matatu tu, na mara nyingi hayasemi kitu. Waingereza nao walichukua neno letu «dau» wakalivisha kila chombo chenye tanga, kana kwamba mtu aite kila mnyama wa zizini mbuzi.

Basi kazi ya kwanza ni kukirudishia chombo jina lake. Kwa hili twategemea umbo. Dau huchongoka omo na tezi. Mashua hukatwa mraba nyuma. Bumu la Kuwait nalo limechongoka pande zote mbili, lakini ni kubwa, na omo yake hunyooka mbele kama mkuki. Kotia la Bara Hindi hujulikana kwa nakshi zake. Mtepe, uliounganishwa kwa kamba za makumbi badala ya misumari, ulikuwa na tanga la mkeka lenye pembe nne. Ukiuona baharini katika picha, jua kuwa picha hiyo haipiti sana miaka ya 1930, kwa kuwa baada ya hapo mitepe ilitoweka. Ngalawa haina mshindani wa kufanana naye: gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, jembamba mno kiasi kwamba lisingeweza kubeba tanga lake bila matengo ya pande mbili.

Kazi ya pili ni majira. Vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi vilikuja na kaskazi na kurudi na kusi; kwa hiyo bandari iliyojaa mabumu haikupigwa picha mwezi wa Agosti. Vitu vidogo husaidia zaidi kuliko vikubwa. Kamba ya nailoni au dumu la plastiki ndani ya ngalawa huisogeza picha upande huu wa Vita Kuu ya Pili, hata kama mwenye picha anaapa kwamba ni ya enzi za Wajerumani. Tena tujihadhari na vioo. Picha za zamani zilipigwa juu ya vioo, na kioo kikigeuzwa wakati wa kusafishwa, kulia huwa kushoto. Ndipo Kisiwa cha Toten husimama upande usio wake, na maandishi ya tangani yakasomeka kinyume.

Maandishi hayo yana asili yake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliofanywa kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, uliagiza kwamba vyombo vya wenyeji viandikishwe, na kwamba herufi za mwanzo za jina la bandari pamoja na namba ya chombo zichapwe kwa rangi nyeusi kwenye tanga. Sheria iliyotungwa kwa kuwatilia shaka manahodha wetu imekuwa leo msaada kwa anayewatafuta, maana namba huweza kumpeleka mtu kwenye daftari, na daftari kwa mwenye chombo. Ngalawa ya uvuvi kwa kawaida haikuandikwa kitu. Tanga lake ni jeupe tupu, ila kwa viraka.

Vipi tutaijua ngalawa iliyo mashindanoni? Hakuna dema, hakuna nyavu, hakuna shehena. Vyombo kadhaa vimeelekea upande mmoja kwa upepo mmoja, navyo vimekaribiana kuliko wavuvi wanavyopenda kukaribiana. Zaidi ya yote, tazama watu. Nahodha yuko tezini na usukani. Mmoja ameshika demani. Mwingine anafua maji. Na mmoja au wawili wametoka nje kabisa, wamekaa juu ya tengo la upande wa joshi, ili uzito wao ukizuie chombo kisipinduke. Mvuvi aendaye kazini hana haja ya kujihatarisha hivyo.

Hayo yote tunaweza kuyasoma katika karatasi. Jina la mtu haliwezi kusomwa humo. Manowari ya Kiingereza Fox ilipofika Tanga tarehe 2 Novemba 1914, jina lake liliandikwa, na jina la kapteni wake, Caulfeild, likaandikwa pia. Mwaustralia Alan Villiers aliposafiri na bumu la Kuwait, Bayan, mwaka 1938 na 1939 hadi pwani yetu, aliuliza na kuandika, na hivyo nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi anajulikana mpaka leo, yeye na picha yake. Tofauti si ya ujuzi wa kamera. Ni kwamba huyu aliuliza.

Sisi tulipeleka Kigombe nakala ya picha moja, ngalawa tatu katika upepo mmoja, iliyotoka kwenye sanduku la familia ya Tanga. Tulidhani wazee wataanza na nyuso. Mzee wa kwanza hakuzitazama kabisa. Aliisogeza picha mwangani, akaweka kidole juu ya kiraka karibu na foromali, akaitaja ngalawa. Kutoka ngalawa akamtaja mwenyewe, na kutoka kwa mwenyewe, mwanawe aliyekuwa akishika demani. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Yule aliyekaa juu ya tengo ndiye aliyeleta maneno, kwa kuwa amegeuza uso. Bibi mmoja alisema ni kaka yake, kwa namna alivyouning'iniza mguu. Mwenzake akamwambia, «Dada, kaka yako mwaka ule alikuwa Pemba, kwenye karafuu.» Wakabishana mpaka adhana ya alasiri. Nyuma ya nakala yetu tumeandika majina mawili kwa kalamu ya risasi, na nafasi ya tatu tumeiacha. Nakala nyingine ilibaki na yule bibi, aliyesema ataipeleka Tongoni kwa jamaa yake, mtu aliyekuwa akifua maji katika ngalawa hiyo hiyo.