Mficha maradhi: jinsi Beijing ilivyojua inapumua nini

Leo nataka tuangalie programu moja ndogo sana. Kazi yake ilikuwa kusoma namba kutoka kwenye kipimo na kuitangaza mtandaoni kila saa, basi. Hata hivyo programu hiyo iliwakosesha wakubwa wa serikali usingizi. Ilikuwa Beijing, China, na namba yenyewe ilihusu hewa.

Kwanza turudi nyuma kidogo, mpaka London. Tarehe 5 Desemba 1952 upepo ulitulia juu ya mji huo. Baridi ilikuwa kali, watu wakachochea makaa ya mawe majumbani, na moshi ukakwama chini kwa siku 5. Msidhani vipimo havikuwepo. Kulikuwa na vituo vilivyovuta hewa kupitia karatasi ya kuchujia, kisha mtu akatazama doa limekuwa jeusi kiasi gani. Lakini namba hizo zilikuwa za wataalamu. Mama mwenye mtoto wa pumu hakuwa na pa kuzisoma asubuhi kabla ya kutoka. Wiki kadhaa baadaye ndipo ilipojulikana kwamba watu wapatao 4,000 walikuwa wamekufa. Vifo vilipoendelea mwanzoni mwa 1953, serikali ikasema ni homa ya mafua. Watafiti waliorudia hesabu hizo nusu karne baadaye walikadiria vifo 12,000. Sheria ya Hewa Safi ilipitishwa 1956.

Sasa twende Beijing. Mwaka 2008 ubalozi wa Marekani uliweka kipimo juu ya paa lake. Kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza: hewa inavutwa ipite kwenye utepe, vumbi linabaki juu ya utepe, halafu miale ya beta inapitishwa hapo. Vumbi likiwa jingi, miale inayopenya inapungua. Kilichopimwa ni PM2.5, yaani chembe zisizozidi mikromita 2.5. Unywele wa mtu una unene wa karibu mara 30 ya hapo. Chembe hizi huingia ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hufika kwenye damu.

Wakati huo mji wa Beijing ulikuwa ukitangaza chembe kubwa zaidi, PM10, na kuhesabu "siku za anga la buluu" kwa mwaka. Kwa hivyo siku moja ingeweza kuwa na majina mawili: mji unasema uchafu ni kidogo, ubalozi unasema ni hatari. Tofauti nyingine ilikuwa muda. Mji ulitoa wastani wa siku nzima. Ubalozi ulitoa namba ya kila saa, kupitia akaunti ya Twitter iliyoitwa BeijingAir. Mwaka 2009 maofisa wa China waliwalalamikia wanadiplomasia wa Marekani kwamba namba hizo zinawachanganya wananchi. Mwaka huohuo Twitter ilifungwa China, lakini wapi! Watu wengine walizichota namba hizo na kuziweka kwenye tovuti na programu za simu.

Novemba 2010 likatokea jambo ambalo kila mwandishi wa programu atalielewa. Kipimio cha Marekani cha ubora wa hewa kinaishia 500. Siku hiyo kikapitwa, na programu ikatangaza kwamba hewa ni "mbaya kiwazimu". Aliyeiandika alikuwa ameweka mzaha huo kwa hali aliyodhani haitatokea kamwe. Ubalozi uliyabadilisha maneno hayo upesi, lakini yalikuwa yameshaenea.

Mwaka 2011 Pan Shiyi, tajiri wa majengo, aliwapigisha kura wafuasi wake kwenye mtandao wa Weibo: je, serikali itoe PM2.5? Wengi wakasema ndiyo. Januari 2012 Beijing ikaanza kutangaza PM2.5 yake yenyewe. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 2013, kipimo cha ubalozi kilifika 755. Safari hii vyombo vya habari vya serikali navyo viliandika wazi. Septemba 2013 ukatoka mpango wa taifa wa kusafisha hewa. Wastani wa PM2.5 Beijing mwaka 2013 ulikuwa mikrogramu 89.5 kwa mita moja ya ujazo. Mwaka 2017 ulikuwa 58, na 2021 ulikuwa 33.

Sisemi kipimo kiliisafisha hewa. Kilichoisafisha ni kuzima mitambo ya makaa ya mawe, kubana viwanda na kupunguza moshi wa magari, kwa gharama kubwa. Kazi ya kipimo ilikuwa kuondoa nafasi ya kukana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. London iliumbuliwa na kifo. Beijing iliumbuliwa na namba, na hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Machi 2025 Marekani iliacha kutangaza data ya vipimo vya balozi zake katika miji zaidi ya 80 duniani, Kampala na Addis Ababa zikiwemo. Data ya jirani ni kama mwavuli wa jirani: mvua ikinyesha atauchukua.

Ndiyo sababu napenda kazi ya AirQo, mradi ulioanza 2015 Chuo Kikuu cha Makerere. Wanatengeneza vipimo vya bei nafuu vinavyomulika chembe kwa leza, vinavyostahimili vumbi na joto letu, na vinatuma data kwa mtandao wa simu. Vipimo vya aina hii hudanganyika unyevu ukizidi, kwa hivyo ni lazima vilinganishwe na mashine kubwa na namba zisahihishwe. Hiyo ni hesabu na programu, kazi tunayoiweza hapa kwetu. Ukimaliza kuunganisha kipimo chako, jiulize: mama mwenye mtoto wa pumu ataiona namba hii saa ngapi?