Mawe ya Ndola

Sisi watu wa Pweto tumezoea kuvuka mpaka kwenda Zambia: wengine kwa biashara, wengine, kama mwaka 2000, kwa kukimbia vita. Safari hii tulivuka ili kuwaombea marehemu. Tulipita Chiengi na Mansa hata Ndola, tukaenda msituni, mahali ilipoanguka ndege ya Bwana Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Hapo pana rundo la mawe la ukumbusho, na nyumba ya makumbusho.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Septemba 1961, askari wa Umoja wa Mataifa na wale wa Katanga walikuwa wakipigana Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Bwana Hammarskjöld akataka kuonana na Bwana Moïse Tshombe huko Ndola ili vita vikome. Ndege yake, iliyoitwa Albertina, ilikuwa imepigwa risasi siku ile ile ikitoka Elisabethville. Mafundi wakaitengeneza Léopoldville. Tarehe 17, jioni, ikaruka tena. Kwa kuwa Katanga ilikuwa na ndege ya vita, rubani hakushika njia fupi, bali alizunguka mashariki hata ziwa Tanganyika, ndipo akageuka kusini. Baada ya usiku wa manane, uwanja ukiwa karibu, ndege ikaanguka.

Walikufa watu 16. Mmoja wao, mlinzi Harold Julien, aliokotwa hai alasiri, akafa siku chache baadaye. Jina la mkubwa lajulikana duniani kote. Basi tuwataje na wale 6 waliomchukua, Waswidi wote: Kapteni Per Hallonquist, Lars Litton, Nils-Erik Åhréus, Nils Göran Wilhelmsson, Harald Noork na Karl Erik Rosén.

Mwaka 1962 tume ya serikali ya Rhodesia ilitamka kwamba kosa ni la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa, mwaka huo huo, haikukata shauri hivyo. Tena walikuwako mashahidi, wachoma makaa wa msitu ule. Baadhi yao walisema waliona ndege ya pili angani. Hawakusadikiwa, maana walikuwa Waafrika maskini. Miaka mingi ikapita, kisha Umoja wa Mataifa ukampa Bwana Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, kazi ya kupima upya ushuhuda wote. Katika taarifa yake ya mwaka 2017 alisema yawezekana ndege ilishambuliwa au kutishwa na wengine. Hakusema ni hakika.

Wasomaji wapenzi, tunapofundisha amri ya nane twawaambia wakatekumeni kwamba si uongo tu ulio dhambi. Hata kumhukumu mwenzako kwa haraka ni dhambi. Rubani aliyekufa hakuwa na kinywa cha kujitetea. Mchoma makaa alikuwa nacho, lakini hakusikilizwa. Je, sisi tu bora? Mtumbwi ukizama katika ziwa Mweru, au mtoto akifa ghafula, mara ngapi jina la mwenye kosa limekwisha kutajwa kabla ya maziko? Na mjane maskini akitaka kusema aliyoyaona, nani humpa nafasi?

Tulisali mbele ya mawe yale, kwanza kwa ajili ya wote 16, halafu kwa ajili ya ndimi zetu.