Waya gani ya kufukia chini ya antena? Shaba ya kweli na wingi vinashinda unene

Antena ya wima, yaani mlingoti mmoja unaotazama juu, haiishii pale mlingoti unaposimama. Nusu yake nyingine iko chini. Umeme wa redio unaopanda kwenye mlingoti inafaa upate njia ya kurudi, na njia hiyo ni ardhi. Lakini udongo ni njia mbaya: unakula nguvu na kuigeuza kuwa joto.

Ndiyo sababu redioamateri, wale watu wenye kibali cha kuongea hewani kwa mashine zao bila biashara, wanafukia nyaya zinazotoka kwenye shina la mlingoti na kutawanyika pande zote kama mizizi. Mafundi wanaziita radiali. Kwa redioamateri wa Congo, wenye majina ya hewani yanayoanza na 9Q, kazi hii inaomba pesa, na kosa likishafukiwa halionekani tena.

Hasara ni kiasi gani?

Mlingoti wenye urefu wa robo ya wimbi una ohm 36 hivi zinazofanya kazi ya kurusha mawimbi. Kama udongo nao unaleta ohm 36 za hasara, nguvu inagawanyika nusu kwa nusu: mashine ya wati 100 inatuma hewani wati 50 tu. Kwa mtu anayetegemea batri na paneli ya jua, hizo wati 50 ni umeme uliotupwa. Udongo mwekundu, unaopatikana sehemu nyingi za nchi, una chumvi kidogo na haupitishi umeme vizuri.

Wingi kuliko unene

Mwaka 1937, huko Marekani, George H. Brown na wenzake wa kampuni ya RCA walichapisha vipimo walivyofanya kwa kufukia nyaya mpaka 113. Nyuma ya kazi hiyo, vituo vya mawimbi ya kati vya Marekani vikazoea kufukia nyaya 120.

Amateri hahitaji kufika huko. Lakini somo ni lilelile: nyaya chache nene hazishindi nyaya nyingi nyembamba. Juu ya nini? Kwanza, umeme unagawanyika kati ya nyaya zote, kila moja inabeba kidogo. Pili, umeme wa redio unapita kwenye ngozi ya waya tu. Kwa megahezi 7, ngozi hiyo kwenye shaba ni milimita 0.025 hivi.

Kwa hiyo waya ya nyumba ya 1.5 inatosha kabisa. Nyembamba zaidi inafanya kazi pia, ila jembe linaikata haraka. Rulo moja la mita 100 linatoa radiali 20 za mita 5, na kwa megahezi 7 huo ni mwanzo mzuri. Urefu hauombi kupimwa kwa sentimita, sababu udongo wenyewe unabadilisha mwendo wa wimbi. Kina cha sentimita 3 ao 5 kinatosha. Kufukia chini sana hakuna faida.

Metali gani?

Shaba ndiyo ya kwanza: inapitisha umeme vizuri na inadumu ardhini. Aluminiamu inapitisha umeme vizuri pia, lakini udongo wenye asidi ao chumvi unaila, na pale inapogusana na shaba kwenye unyevu inaharibika mbio zaidi. Waya ya chuma yenye zinki, kama ile ya kufunga uzio, ni ya bei nafuu na inasaidia kwa muda. Zinki ikiisha, umeme unapita kwenye chuma chenye kutu, na hasara inapanda.

Plastiki ya juu haizuii kazi ya redio. Kuitoa ni kujichosha bure. Tena inalinda shaba.

Shaba ya uongo

Kwenye masoko kuko nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu. Hewani zinaweza kufaa, lakini ardhini, pale ngozi inapokwaruzwa ao kwenye ncha iliyokatwa, maji yanaingia na aluminiamu inaoza. Kabla ya kulipa, kwangua waya kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, si shaba tupu. Angalia pia uzito. Ndani ya rulo la mita 100 la 1.5, shaba peke yake ina kilo 1.3 hivi, ile ya kupakwa inabaki karibu na nusu kilo. Sumaku ikivuta, ndani kuna chuma.

Viungo na wezi

Usifukie kiungo kilicholehemewa kwa risasi na bati, sababu udongo unakidhoofisha. Nyaya zote zikutane juu ya ardhi, kwenye bamba moja, kwa bolti zisizoshika kutu. Hapo kila mwaka unaweza kufungua, kusafisha na kukaza.

Mwisho, shaba inavutia wezi. Waya nene ya uchi inauzika kwa kilo. Radiali nyembamba yenye plastiki, iliyofukiwa chini ya majani, haimpi mwizi faida kubwa. Hapo tena, waya nyembamba inashinda.