Kutoka kwa Mnyoo Hadi Baka la Soriasisi

Juni 1992, wanasayansi wawili wa Marekani, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walilinganisha herufi za jeni mbili za C. elegans, mnyoo wa urefu wa milimita 1 hivi. Herufi za lin-4, jeni ya Ambros, zilioana na sehemu za ujumbe unaotoka kwenye lin-14, jeni ya Ruvkun. Ajabu ni kwamba lin-4 haikutengeneza protini yoyote. Ilitoa kipande kifupi cha RNA, cha herufi 22 hivi, kinachonasa ujumbe wa jeni nyingine na kuuzuia usizae protini.

Matokeo yalichapishwa Desemba 1993. Wengi waliyaona mambo ya minyoo tu.

Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ilitangaza molekuli nyingine, let-7, iliyokutwa pia kwa inzi, samaki na binadamu. Dharau ikaishia hapo.

Utafiti wa molekuli hizi fupi za RNA uliifikia ngozi 2007. Enikö Sonkoly na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walilinganisha ngozi yenye soriasisi, yenye pumu ya ngozi na isiyo na maradhi. Ngozi ya kawaida hujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja. Penye soriasisi ni siku chache tu, seli hazijakomaa, zinarundikana kuwa magamba. (Kwa mtu mweusi baka huwa la zambarau au kijivu, si jekundu kama picha nyingi za vitabuni.) Katika ngozi yenye soriasisi walikuta miR-203, molekuli ya aina hiyohiyo, imepanda, na inatoka hasa kwenye seli za ngozi zenyewe. Molekuli hiyo hubana SOCS-3, protini ambayo ni breki ya ishara za uvimbe. Kwa miaka mingi lawama zilielekezwa kwa seli za kinga. Sasa ngozi nayo ilikuwa na kesi ya kujibu.

Mwaka 2014 watafiti walipandikiza ngozi ya wagonjwa kwa panya, wakaizima miR-21, molekuli nyingine ya aina hiyo, na dalili zikapungua. Kuifikisha tiba hiyo kwa mgonjwa ndiko kugumu: RNA huharibika upesi, na ngozi haipitishi molekuli kubwa kirahisi.

Oktoba 2024 Ambros na Ruvkun walitangazwa washindi wa Nobeli ya Tiba, tuzo inayotolewa na jopo la Karolinska hiyohiyo. Wagonjwa wa soriasisi walikuwa bado kwenye krimu za steroidi, methotrexate, tiba ya mwanga na, kwa wanaozimudu, sindano za kibayolojia.