2,147,483,647

2,147,483,647 ni namba tasa yenye tarakimu kumi, sawa na 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1. Kwa umbo hilo imo katika ukoo wa namba tasa za Mersenne, na ndani ya ukoo huo ni ya nane, ukianza na 3. Kipeo chake, 31, nacho ni mwana wa ukoo huohuo.

Kipeo kuwa tasa hakutoshi kuifanya namba ya umbo hilo iwe tasa: 2 kwa kipeo cha 11 ukitoa 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89. Mwitalia Pietro Cataldi alidai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinazaa namba tasa. Alipatia 31 tu. Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, naye aliiingiza 31 katika orodha yake ya mwaka 1644 pasipo uthibitisho.

Uthibitisho ulitoka kwa Leonhard Euler mwaka 1772, akiwa karibu kipofu kabisa. Njia ya kawaida ingekuwa kuigawanya kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili, kiasi cha 46,341, nazo ni karibu 4,800. Euler alizichuja kwanza. Kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 62, lazima kibakishe 1. Kikigawanywa kwa 8, lazima kibakishe 1 au 7. Masharti hayo yakikutana, zinasalia namba za umbo 248k + 1 na 248k + 63 tu, ambazo idadi yake haifiki 400, na nyingi kati yake si tasa: ya kwanza kustahili kujaribiwa ni 311, na inayofuata iko mbali, 1,303. Hakuna hata moja iliyoigawanya bila baki. Hesabu ya mkono haijapata ufupisho mwingi mzuri kuliko huu.

Ukiizidisha 2,147,483,647 kwa 2 kwa kipeo cha 30 unapata 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu: vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kuwa hakuna namba kamilifu kubwa zaidi itakayopatikana, kwani nani angejisumbua kwa jambo lisilo na faida? Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha utasa wa 2 kwa kipeo cha 127 ukitoa 1, na kamilifu yake ikaipita hiyo mbali.

Katika kompyuta, 2,147,483,647 ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 32 pale biti moja inapotengwa kwa alama ya kujumlisha au kutoa. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970. Inayotumia bado biti 32 itafika kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14:07 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, isiporekebishwa, itasoma Desemba 1901.