Asiye na ndugu, nani atamtolea damu?

Leo tuongee kuhusu damu. Hapa kambini, mama akitokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, au mtoto akiishiwa damu kwa sababu ya malaria, swali la kwanza ni: ndugu zake wako wapi? Sasa yule aliyevuka mpaka peke yake, inakuwaje?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner, kule Vienna, alieleza makundi ya damu, na polepole kumwongezea mgonjwa damu kukawa salama zaidi. Lakini damu ilikuwa haitoshi. Hospitali zilitegemea ndugu wa mgonjwa, wafanyakazi wao wenyewe, au watu wa kulipwa.

Mwezi wa kumi 1921, hospitali ya King's College ya London ilipigia simu tawi la Msalaba Mwekundu la Camberwell: kuna mgonjwa, anahitaji damu haraka. Wanachama kadhaa wakaenda pamoja, na nesi mmoja kati yao ndiye damu yake ilifaa. Katibu wa tawi, Percy Lane Oliver, akaona jambo. Akaandika orodha ya watu waliokubali kuitwa saa yoyote, bila malipo. Yeye na mke wake waliiendesha kazi hiyo kutoka nyumbani kwao. Na mjue kwamba Oliver huyu alikuwa amepewa nishani mwaka 1918 kwa kuhudumia wakimbizi wa vita!

Tukirudi karibu na kwetu: tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka Nairobi, likaua zaidi ya watu 200 na kujeruhi maelfu. Watu walipanga foleni kutoa damu kwa majeruhi wasiowajua hata majina. Wakati huo Kenya haikuwa na huduma ya damu ya taifa. Ilianzishwa baada ya msiba ule.

Sisi tunajifunza mambo mawili. Kwanza, uoga unapungua ukiwa na wenzako. Wengi wetu tunaogopa sindano, tunaogopa majibu ya vipimo, wengine wanasikia kwamba damu inauzwa. Ukienda na rafiki ambaye ameshatoa na yuko mzima, maneno hayo yanakosa nguvu. Pili, foleni ya siku ya msiba inaisha, lakini wagonjwa hawaishi. Kinachobaki ni kikundi chenye orodha.

Kwa hiyo tunaomba kila kijiji cha kambi kiwe na kikundi chake cha watoaji, wenye miaka 18 na zaidi, waliopimwa afya. Na nyinyi wafanyakazi wa mashirika, mje mtujibu maswali yetu kwa lugha tunayoielewa, na mtoaji asirudi nyumbani bila hata soda na asante.

Yule asiye na ndugu kambini, ndugu zake ni sisi. Nani anaandika jina la kwanza?